Presha Imepanda, Vidole Bado Baridi: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Mishipa Midogo ya Damu

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa wauguzi na matabibu wanaohudumia wagonjwa mahututi, na chache kwa ndugu wanaosubiri nje ya mlango wa ICU. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: damu inafanya nini ikishaiacha mishipa mikubwa?

Mgonjwa wetu ni mama wa miaka 58 mwenye sepsis (maambukizi yanayoharibu viungo vya mwili) iliyoanzia kwenye njia ya mkojo. Yuko kwenye noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, na presha ni 112/62. Monita imetulia, haina kelele. Lakini mikono ni baridi, mkojo ni mililita 15 kwa saa, na anaongea maneno yasiyoeleweka. Daktari wa zamu anasema bado yuko kwenye mshtuko. Mshtuko gani huo wenye presha nzuri?
*Muuguzi wa ICU, Mwanza*

Daktari wako yuko sahihi, na wewe umeona vizuri. Mshtuko ni damu kutofika vizuri kwenye tishu, si presha kushuka tu. Presha unayoisoma inapimwa kwenye ateri kubwa ya mkono, na oksijeni haishushwi hapo. Inashushwa kwenye mishipa yenye kipenyo cha chini ya mikromita 100, hasa kapilari, ambazo zina mikromita 5 hadi 10 tu. Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 au 8, kwa hiyo hupita humo imejikunja, moja nyuma ya nyingine. Anayekaa nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa hahitaji maelezo marefu: tangi limejaa kule juu, yeye bomba lake linakohoa hewa.

Kwenye sepsis mambo kadhaa huharibika kule mwisho kwa wakati mmoja. Ule ute mwembamba unaotandikwa ndani ya ukuta wa mshipa, glikokaliksi, hubanduka. Chembe nyeupe hunata ukutani. Chembe nyekundu hukakamaa na kushindwa kujikunja. Vidonge vidogo vya damu iliyoganda huziba njia, na maji huvuja kwenda kwenye tishu, hivyo oksijeni inalazimika kusafiri mbali zaidi kuifikia seli.

La kuzingatia zaidi ni kwamba mishipa hiyo haizibi yote pamoja. Kapilari moja inapitisha damu kwa kasi na jirani yake imesimama kabisa. Damu inayopita kwa kasi inarudi kwenye moyo ikiwa bado na oksijeni yake. Ndiyo maana oksijeni ya damu ya vena kwa mgonjwa wa sepsis inaweza kuonekana nzuri, asilimia 75 au 80, huku seli zina njaa. Namba hiyo imewadanganya wengi.

Mwaka 2002 Daniel De Backer na wenzake wa Brussels walichungulia mishipa ya chini ya ulimi ya wagonjwa wa sepsis na kuona hali hiyo waziwazi: kapilari zenye mtiririko mzuri zilikuwa chache kuliko za watu wazima wenye afya, na chache zaidi kwa waliokuja kufariki. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakisema mishipa mikubwa na midogo inaweza "kuachana": unarekebisha ile mikubwa, midogo haifuati. Inaachana kwa sababu ya hayo mavurugano ya sepsis, au kwa sababu damu imechujuka mno kwa dripu, au mishipa imebanwa na dawa za kupandisha presha, au vena zimejaa na kuzuia damu kutoka, au tishu zimevimba.

Sasa tazama orodha hiyo tena. Mbili au tatu kati ya hizo zinaweza kuletwa na sisi wenyewe, kwa dripu na kwa noradrenalini. Hatusemi muziache. Presha ya wastani, yaani wastani wa mzunguko mzima wa pigo la moyo, ikiwa chini ya 65 hakuna mshipa mdogo utakaopona. Lakini mkishaifikia 65, kuipandisha hadi 75 au 85 kwa kila mgonjwa hakujaonyesha kuifungua mishipa midogo. Wengine hupata nafuu, wengine huzidi kubanwa. Presha ya mama huyo ni takriban 79 kwa wastani. Kwake swali si presha tena. Ngozi, figo na ubongo vyote vitatu vinasema damu haifiki, na hapo ndipo pa kuanzia kupima.

Kwenye chati yetu kuna safu ya CRT. Kila zamu inaandika "chini ya sekunde 3", hata kwa wagonjwa waliofariki asubuhi yake. Nahisi kila mtu anapima kwa namna yake. Ipi ndiyo namna sahihi?
*Muuguzi kiongozi, Dodoma*

Hongera kwa kulisema hilo. CRT, yaani muda wa damu kurudi baada ya kubanwa, ni kipimo kizuri kinachoharibiwa na uvivu wa kukipima. Kubonyeza kucha kwa kidole gumba, kuhesabu kichwani "moja, mbili", kisha kuandika, hakukupi namba. Kunakupa unachotamani.

Namna iliyotumika kwenye utafiti mkubwa wa ANDROMEDA-SHOCK ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu inarudiwa kirahisi. Chukua slaidi ya kioo ya maabara, ile ya kuwekea damu ya malaria. Hakikisha kingo zake hazijavunjika, na uifute kwa spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mkono wa mgonjwa uwe usawa wa moyo, usining'inie pembeni mwa kitanda. Weka slaidi juu ya nyama ya ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, upande wa kiganja, si kwenye kucha. Kandamiza taratibu ukiongeza nguvu mpaka ngozi iliyo chini ya kioo ipauke, kisha shikilia hapo sekunde 10 kamili. Achia ghafla. Saa ya kuhesabia, ya simu inatosha, ianze pale unapoachia na isimame rangi inaporudi kama ilivyokuwa, si inapoanza kurudi. Zaidi ya sekunde 3 si kawaida. Andika namba yenyewe, 2.5 au 4 au 6, si "chini ya 3". Kushuka kutoka 7 hadi 4 ni habari njema ambayo neno "zaidi ya 3" linaificha.

Sekunde 10 za kushikilia si urembo. Ukibana sekunde 2, damu haijatoka yote, na itarudi mapema. Ukibana kwa nguvu leo na kidogo kesho, umepima mkono wako, si wa mgonjwa.

Yanayoharibu ni haya. Baridi ya chumba: kiyoyozi kikipuliza moja kwa moja juu ya kitanda, vidole hubana vyenyewe na muda hurefuka, kwa hiyo funika mkono kwanza na usubiri. Mwanga: taa hafifu ya usiku humfanya mpimaji achelewe kuona rangi ikirudi, basi tumia tochi ileile kila mara. Umri: wazee wenye afya huwa na muda mrefu kuliko vijana. Mkono wenye kafu ya presha iliyokaza au kanula ya ateri: tumia mwingine.

Kuhusu ngozi nyeusi, nyama ya ncha ya kidole upande wa kiganja ina rangi ndogo ya asili kwa watu wote, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha kucha. Kwa wagonjwa wa pwani kuna suala la hina, na zaidi piko. Ncha za vidole vilivyotiwa piko hazionyeshi kupauka wala kurudi. Tafuta kidole kilichosalimika, mara nyingi cha mguuni, au hamia mahali pengine kama tunavyoeleza kwenye jibu la mwisho, na uandike kwenye chati umepima wapi.

Ushauri wa kazi: wachukue wauguzi wanne, wampime mgonjwa mmoja kila mmoja kivyake ndani ya dakika 10, na kila mmoja afiche karatasi yake. Mkitofautiana kwa zaidi ya sekunde moja, rudieni mafunzo kabla ya kuiamini chati.

Shikamoo daktari. Baba yangu amelazwa ICU. Kila nusu saa wanakuja kumbana kidole na kipande cha kioo huku wanatazama simu. Hawajatueleza kitu. Hospitali haina mashine ya kufanya hiyo kazi?
*Binti wa mgonjwa, Tanga*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguliwa. Wanachofanya ni kazi nzuri, na simu ile ni saa ya kuhesabia. Wanatazama damu inachukua sekunde ngapi kurudi kwenye kidole cha baba. Haimuumizi, ni mbano tu.

Si kwamba wamekosa mashine wakaamua kubahatisha. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya ule utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, kutoka ICU 28 za nchi tano za Amerika ya Kusini, wagonjwa 424 wenye mshtuko wa sepsis. Nusu waliongozwa kwa kidole, wakipimwa kila dakika 30 mpaka muda uwe wa kawaida. Nusu waliongozwa kwa kipimo cha damu cha lakteti, ambayo hupanda seli zikikosa oksijeni, kila saa 2. Baada ya siku 28 walikuwa wamefariki asilimia 34.9 upande wa kidole na asilimia 43.4 upande wa lakteti. Kitakwimu tofauti hiyo ilikosa kidogo kufika kiwango cha kuitwa hakika, lakini ilitosha kuonyesha kwamba kidole hakikushindwa na maabara. Mwaka 2021 mwongozo wa kimataifa wa sepsis ukapendekeza kidole kitumike pamoja na vipimo vingine.

Waulize manesi kwa upole: "Kidole cha baba leo ni sekunde ngapi, na jana?" Watafurahi kuona mnafuatilia. Na mkienda kumwona, msimwondolee shuka mikononi.

Nipo mwaka wa nne wa udaktari. Mwalimu alitaja kamera inayowekwa chini ya ulimi kuonyesha kapilari zikiwa kazini. Inafanyaje kazi, na kwa nini sijaiona hospitali yoyote?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Ni hadubini ndogo ya kushika mkononi. Ya kwanza iliyofaa kwa kitanda cha mgonjwa ilielezwa mwaka 1999, ikitumia mwanga uliochujwa ili ule unaorudi kutoka juu ya tishu usiingie kwenye picha. Kizazi cha pili, miaka ya 2000, kiliweka taa pembezoni kuzunguka lenzi. Cha tatu kina kihisi cha kompyuta na picha pana zaidi. Zote zinatumia mwanga wa kijani, karibu nanomita 530 hadi 550, kwa sababu himoglobini huumeza mwanga huo. Chembe nyekundu huonekana nyeusi zikitembea kwenye uwanja mweupe. Ukuta wa mshipa wenyewe huuoni. Kumbuka hilo: kapilari isiyo na chembe nyekundu ndani yake, kwako haipo.

Chini ya ulimi palichaguliwa kwa sababu utando ni mwembamba, hauna rangi ya ngozi, na unafikika bila kukata kitu.

Kuipiga picha ni ufundi. Kinywa kinafutwa mate kwa shashi, ncha ya kifaa inavishwa kofia safi ya plastiki, unaigusisha tu utando, kisha unarudi nyuma kidogo. Kosa kubwa kuliko yote ni kukandamiza. Kapilari inabanwa na uzito mdogo sana, na mtu anayekandamiza atatangaza mshtuko kwa mtu mwenye afya. Kinga yake ni kutazama vena ndogo, zile pana zaidi kwenye picha: zikisimama au zikienda na kurudi, shaka iwe kwanza juu ya mkono wako. Halafu kuna mate na mapovu, taa kali mno, picha isiyo kwenye fokasi, kutikisika kwa pumzi, na kitanzi kimoja cha mshipa kinachojaza picha nzima na kuitwa "sampuli". Zipo alama za kukagua ubora wa video kwa mambo sita: mwanga, urefu, fokasi, yaliyomo, utulivu na mkandamizo. Video iliyoshindwa jambo moja vibaya inatupwa. Mnachukua sehemu 3 hadi 5, kwa kawaida sekunde 20 kila moja, maana tumekwisha kusema uharibifu wa sepsis hauko sawa kila mahali.

Kusoma kwake: picha inagawanywa robo nne. Kila robo inapewa alama ya mtiririko uliotawala katika mishipa iliyo chini ya mikromita 20: 0 umesimama, 1 unakatika na kurudi, 2 wa kuburuta, 3 unaendelea bila kukatika. Wastani wa robo zote ndiyo alama ya mtiririko. Kando yake unahesabu wingi wa mishipa kwa eneo na asilimia ya ile inayopitisha damu, kwa sababu mtiririko wa 3 kwenye mishipa michache iliyobaki si ushindi.

Kwa nini hujaiona? Bei ni sababu moja, lakini si kubwa. Uchambuzi makini wa video hufanywa baadaye kwenye kompyuta na unakula muda mwingi, wakati mgonjwa anahitaji uamuzi sasa hivi. Mgonjwa anayepumua kwa barakoa au anayehangaika hapimiki. Na kuna jambo lisilofurahisha: mwaka 2015 utafiti wa siku moja katika ICU 36 duniani uliwapima wagonjwa 501, na asilimia 17 tu walikuwa na mtiririko uliovurugika chini ya ulimi. Kwa jumla hilo peke yake halikutabiri kifo. Lilitabiri pale mapigo ya moyo yalipokuwa pia juu ya 90. Isitoshe, hatuna dawa iliyothibitika ya kufungua kapilari. Nitrogliserini ilitoa matumaini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha jaribio lililopangwa vizuri, lililotoka 2010, halikuonyesha faida. Kwa hukumu yetu kamera hii imetufundisha ugonjwa kuliko ilivyotusaidia kutibu. Hospitali ikiwa na pesa ya kamera na haina mashine ya gesi za damu, inunue ya gesi.

Oksimita yetu mpya inaonyesha herufi PI na namba kama 0.4 au 3.1. Ni nini?
*Tabibu, Kisii*

PI ni kifupi cha "perfusion index", yaani uwiano wa mwanga unaomezwa na damu inayodunda kwa ule unaomezwa na vitu visivyodunda, kwa asilimia. Mishipa ya kidole ikijibana, mdundo hupungua na namba hushuka. Kwa wagonjwa mahututi, chini ya 1.4 imehusishwa na damu hafifu ya pembezoni.

Usiishike hiyo 1.4 kama amri. Watu wenye afya wametofautiana kutoka 0.3 hadi 10. Mwenendo wa mgonjwa mmoja, kidole kilekile, mkono usawa wa moyo, ndiyo wenye maana: aliyekuwa 2.8 saa nne asubuhi akawa 0.6 saa sita, nenda kamwone kabla presha haijaanguka. Rangi ya kucha, klipu iliyolegea, kutetemeka na vidole vilivyovimba huivuruga. Na namba ikiwa ndogo sana, hata asilimia ya oksijeni pembeni yake usiiamini mpaka uone wimbi safi.

Nipo zahanati ya wilaya, pwani ya Kenya. Mtoto wa miaka 3 ana homa kali, CRT ni sekunde 4. Wengine wanasema mwagia dripu haraka, wengine wanasema dripu inaua. Nifuate nani?
*Tabibu, Kilifi*

Swali lako lilijibiwa nyumbani kwako. Utafiti wa FEAST ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi, Teule ya Muheza, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor kule Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri waligawanywa: baadhi wakapewa maji ya chumvi au albumini (protini ya damu) ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kilo, wengine wakapewa maji ya kawaida ya matunzo tu. Matokeo yalipotoka mwaka 2011 wengi hawakuamini macho yao. Kufikia saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 kwa albumini, 10.5 kwa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wasiopewa ya haraka. Watoto wenye kuhara kwa tumbo na utapiamlo mkali hawakuwamo, kwa hiyo usiyapeleke matokeo haya kwa mtoto aliyekaushwa na kuhara. Huyo maji ni uhai wake.

Ndiyo maana mwongozo wa WHO sasa unataka dalili tatu kwa pamoja kabla ya kuita mshtuko kwa mtoto: mikono na miguu baridi, CRT zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu ya haraka. Mtoto wako ana CRT peke yake? Basi hana mshtuko kwa maana hiyo. Mtibu malaria au bakteria, mpe maji ya matunzo, oksijeni ikihitajika, mpime sukari, na urudi kumtazama ndani ya saa. Akiwa na zote tatu na hana upungufu mkubwa wa damu, mililita 10 hadi 20 kwa kilo ya maji yenye chumvi sawa na damu, kwa dakika 30 hadi 60, si kwa kusukuma na sirinji. Himoglobini ikiwa chini ya 5, anachohitaji ni damu, na upesi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana mpango wake tofauti, usiuchanganye na huu.

Malaria kali inaeleza kwa nini maji hayasaidii. Chembe nyekundu zenye vimelea vya falsiparamu huota vinundu, hunata kwenye kuta za kapilari na kuziba njia. Huwezi kuosha gundi kwa kuongeza maji nyuma yake; maji yatatafuta njia rahisi, nayo ni mapafu. Huko Chittagong, Bangladesh, watafiti waliweka ile kamera ya kijani kwenye utando wa rektamu ya wagonjwa wazima wa malaria kali na kuziona kapilari zilizoziba. Kadiri zilivyokuwa nyingi, ndivyo lakteti ilivyokuwa juu.

Kwa mtoto aliyepoteza fahamu kuna dirisha lingine ambalo halihitaji kamera, nalo ni jicho. Blantyre, Malawi, walikochunguza miili ya watoto waliofariki wakiwa na utambuzi wa malaria ya ubongo, 7 kati ya 31 walikutwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Dalili pekee ya kitandani iliyowatenganisha ilikuwa retina: kupauka kwa viraka, mishipa iliyobadilika kuwa ya chungwa au nyeupe, na madoa ya damu. Panua mboni kwa matone na utazame kwa ofthalmoskopu. Ukikuta retina safi kabisa kwa mtoto aliyezimia, usiache malaria, lakini tafuta homa ya uti wa mgongo kwa nguvu zote.

Na kwa watu wazima msijione salama. Lusaka, Zambia, mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 212 wa sepsis wenye presha ya chini. Waliofuata mpango wa dripu nyingi za mapema na dawa za presha walifariki asilimia 48.1, wa tiba ya kawaida asilimia 33.0. Wengi wao walikuwa wanaishi na VVU.

Lakteti ilikuwa 3.8. Tukaanza adrenalini, presha ikapanda, CRT ikarudi sekunde 2, lakini lakteti ikawa 5.1. Tumemwumiza?
*Daktari, Bujumbura*

Si lazima. Adrenalini yenyewe huisukuma misuli kutengeneza lakteti hata oksijeni ikiwepo. Ini lililochoka huchelewa kuisafisha. Metifomini, dawa ya kisukari, nayo huipandisha. CRT hujibu kwa dakika, lakteti kwa saa. Kama ngozi imepata joto na mkojo umeanza kutoka, tungemwamini mgonjwa kwanza na kurudia lakteti baada ya saa 2.

Kabla ya hapo, ulizeni sampuli ilikaaje. Chembe za damu huendelea kuila sukari na kutoa lakteti ndani ya chupa. Tumia chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floridi au ipimwe ndani ya dakika 15, la sivyo iwekwe kwenye barafu. Usiache mpira wa kufungia mkono kwa dakika nyingi, wala usichote kwenye njia inayopitisha dripu.

Mkiwa na katheta ya vena kuu na mashine ya gesi, vuta damu ya vena na ya ateri kwa wakati mmoja na utoe kaboni dayoksaidi ya ateri kutoka ile ya vena. Tofauti ikizidi 6 mmHg, mtiririko ni mdogo kuliko unaohitajika kuifagia, hata kama oksijeni ya vena ni nzuri. Sirinji ziwe hazina povu la hewa. Povu dogo tu linatosha kuiharibu tofauti hiyo, ambayo yenyewe ni ndogo.

CRT ikibaki sekunde 5 baada ya dripu, tunafanya nini kinachofuata?
*Muuguzi wa ICU, Mwanza (barua ya pili)*

Tulijua utarudi. Kwanza ulizeni kama moyo bado unataka maji. Mgonjwa awe ameinuliwa kifua nyuzi 45, kisha mteremshe kitanda na kuinua miguu kwa kitanda chenyewe, si kwa mikono. Ndani ya dakika moja tazama tofauti ya presha ya juu na ya chini: ikipanuka kwa asilimia 10 au zaidi, huenda mililita 500 nyingine zitamsaidia. Isipopanuka, funga dripu hata kama kidole ni sekunde 5.

Kama mgonjwa alikuwa na presha ya kupanda miaka yote, 65 inaweza kuwa ndogo kwake. Kwenye ule utafiti wa Amerika ya Kusini wagonjwa wa namna hiyo walijaribiwa kwa saa moja wakiwa na presha ya wastani ya 80 hadi 85. Kidole kikirudi, walibaki hapo. Kisiporudi, noradrenalini ilirudishwa chini. Baada ya hapo ndipo dobutamini, dawa ya kuupa moyo nguvu, kwa dozi ndogo ilipojaribiwa, nayo iliachwa isipobadilisha kitu. Hiyo nidhamu ya kujaribu kisha kuacha ndiyo tunayoipenda kuliko dawa yoyote kati ya hizo.

Vidole vyote vimeungua na vimefungwa bandeji. CRT nipime wapi?
*Tabibu, Morogoro*

Kwenye goti, katikati ya kofia, kwa slaidi ileile na sekunde 10 zilezile. Goti huwa na muda mrefu kuliko kidole. Kwenye utafiti uliofanywa Paris kwa wagonjwa wa mshtuko wa sepsis, mpaka uliowatenganisha waliopona na waliofariki, saa 6 baada ya kuanza matibabu, ulikuwa takriban sekunde 2.4 kidoleni na 4.9 gotini. Msizilinganishe namba za sehemu mbili kwenye mstari mmoja wa chati.

Wazungu huongezea hapo kutazama mabaka ya zambarau kuzunguka goti, yanayopewa alama kutoka 0 mpaka 5 kadiri yanavyopanda pajani. Kwa ngozi nyeusi mabaka hayo mara nyingi hayaonekani, kwa hiyo alama ya 0 kwa mgonjwa wako haina maana kwamba yuko salama. Pitisha mgongo wa kiganja chako kutoka pajani kwenda chini, na uandike joto linaishia wapi: gotini, katikati ya muundi, au kifundoni. Kama ngozi ya magoti nayo imeungua, tumia kifua juu ya mfupa wa kati. Lakini kifua huchelewa sana kubadilika, kwa hiyo sekunde 2 za kifuani zisikulaze usingizi.